Nyota Imefifia, au ni Macho?

Mwenye macho haambiwi tazama. Ndugu msomaji, methali hii nimeisoma tangu shule ya msingi, nimeiandikia insha na nimetahiniwa nayo si mara moja. Leo naomba ruhusa ya wahenga niijadili kidogo. Katika nyumba yetu walikuwako watu wawili wenye macho walioitazama nyota moja, usiku mmoja, kutoka sakafu moja, na kila mmoja akaona lake. Mmoja wao ni babu yangu mzaa baba. Wa pili ni mimi, ambaye wakati ule nilikuwa naingia darasa la saba. Sasa niko Kidato cha Nne na ndipo nimepata ujasiri wa kuyaandika haya, tena kwa idhini ya babu mwenyewe.

Sisi twakaa mtaa wa Mkomani, hapa mjini Amu, katika nyumba ya mawe ambayo juu yake kuna sakafu wazi. Mchana nguo huanikwa huko. Usiku, hasa msimu wa kaskazi, watu hupanda kupunga upepo. Stima ikipotea, na hupotea, mji mzima huwa giza tititi na mbingu hujaa nyota hadi ukafikiri zitakudondokea. Tena sisi wa Lamu tumepewa upendeleo ambao wengi wetu hatuujui. Kisiwa chetu kiko kama digrii 2 tu kusini mwa Ikweta, kwa hivyo mwaka ukizunguka twaziona karibu nyota zote, za kaskazini na za kusini. Mtu wa London hawezi kuiona Suheli akiwa kwao hata apande mnara gani. Sisi twaiona hata tukiwa tumelala chali juu ya mkeka.

Babu ni nahodha. Ujanani alisafiri katika majahazi yaliyobeba boriti za mikoko, na uzeeni alibaki na mashua yake ya kuchukua abiria kutoka Amu kwenda Pate. Aijuaye safari hiyo anaujua Mkanda, ule mkondo mwembamba kati ya kisiwa cha Manda na bara, wenye mikoko huku na huku na mafungu ya mchanga katikati. Maji yakikupwa hupiti. Babu alisifika kwa kuupita Mkanda usiku bila hata tochi. Abiria walikuwa wakiambiana, "Ukiwa na mzee huyu lala usingizi wako, utaamshwa Mtangawanda."

Mwezi wa Disemba 2019 binamu yangu, ambaye mimi humwita kaka, alirudi likizoni kutoka chuo kikuu huko Nairobi. Usiku ule ule alipanda sakafuni, simu mkononi, akasema, "Jamani, kuna nyota inaugua."

Nyota yenyewe huitwa Betelgeuse. Ukitazama juu usiku wa Januari utaona nyota tatu zilizojipanga mstari mmoja kama shanga. Huo ni mshipi wa mtu ambaye Wazungu humwita Orion na Waarabu walimwita Jauza. Upande wa kusini wa mshipi kuna nyota nyeupe, Rigel, jina litokanalo na neno la Kiarabu lenye maana ya mguu. Upande wa kaskazini kuna nyota nyekundu, na hiyo ndiyo mgonjwa wetu. Waarabu waliiita Yad al-Jauza, yaani mkono wa Jauza. Sasa, kila aliyepita madrasa anajua kuwa herufi ya ye mwanzoni mwa neno ina nukta mbili chini, na be ina nukta moja. Huko Ulaya, karne nyingi zilizopita, ye ikasomwa be, mkono ukapotea, na jina lililovunjika likabaki hadi leo. Sisi tulipokosea nukta tulionja bakora. Wao walipewa nyota!

Kwa kawaida Betelgeuse huhesabiwa miongoni mwa nyota 10 zinazong'aa zaidi angani. Mwisho wa mwaka ule ilikuwa imeanza kufifia, na wataalamu wa Marekani waliokuwa wakiipima kwa miaka mingi walitangaza Disemba kuwa haijafifia hivyo katika vipimo vyao vyote. Basi uvumi ukaanza. Wengine wakasema itapasuka kesho. Wengine wakasema ni dalili ya mwisho wa dunia. Kaka alicheka, akasema wataalamu wenyewe wanaona kuwa mlipuko wake waweza kuchukua hata miaka 100,000 kutokea. "Badala ya kubishana," akasema, "mbona tusiipime wenyewe?"

Nilidhani angetoa darubini mkobani. La hasha! Alitoa daftari la shule na kalamu. Akatueleza kuwa kuna nyota ambazo mwangaza wake hupanda na kushuka. Mimi nikaziita nyota vigeugeu, na jina hilo likakaa. Wapo watu ulimwenguni kote, walimu, mafundi, wakulima na wanafunzi, wasiolipwa hata senti moja, ambao kila usiku huzitazama na kuandika. Chama chao kikubwa, AAVSO, kilianzishwa Marekani mwaka 1911, na kimekusanya mamilioni ya vipimo vya watu kama hao.

Njia yao ni nyepesi. Mwangaza wa nyota hupewa namba, na namba ndogo ndiyo bora, kama vile nafasi za mtihani ambapo wa 1 humshinda wa 6. Unachukua nyota zisizobadilika sana ambazo namba zake zajulikana, kisha unauliza: mgonjwa wangu anang'aa kuliko nani, na anashindwa na nani? Kaka alituandikia tano. Rigel ni 0.1. Procyon ni 0.4. Aldebaran, ile inayoifuata Kilimia, ni 0.9. Pollux ni 1.1. Bellatrix, bega la pili la Jauza, ni 1.6. Betelgeuse ikiwa na afya yake huwa karibu na 0.5, yaani kati ya Procyon na Aldebaran.

Kisha zikaja sheria tatu. Ya kwanza, nyota nyekundu usiikodolee macho, kwani ukiikazia huzidi kung'aa machoni pako. Itupie jicho, hamia ya pili, rudi. Sheria ya pili babu ndiye aliyeieleza vizuri kuliko kaka: usilinganishe nyota iliyo juu na ile iliyo karibu na bahari. "Ya tini hufifizwa na hewa," alisema. "Sisi baharini twangoja nyota ipande kwanda ndipo tuiamini." Ya tatu, kila mtu atoe namba yake kabla ya kusikia ya mwenzake. Kaka alisisitiza sana hii ya mwisho. Niandike yangu kwanza, kisha nimwulize babu bila ya kumwonyesha. Januari akarejea Nairobi, akatuachia daftari lenye safu mbili: BABU na MIMI.

Usiku wa kwanza, mwisho wa Disemba, mimi niliandika 1.2. Babu alisema iko chini ya Pollux kidogo, nikamwandikia 1.2. Tulifurahi kama tuliofunga bao.

Katikati ya Januari niliandika 1.4. Babu alisema, "Ni tini ya Pollux. Hilo bega la pili silioni." Nikaandika hivyo hivyo alivyosema. Bellatrix mimi niliiona pale pale ilipokuwa siku zote. Nilimwonyesha kwa kidole. Akatazama kitambo kirefu, akasema, "Vumbi la kaskazi, mwanangu. Mwaka huu nyota zote zina vumbi."

Wiki ile ile mashua yake ilipanda fungu Mkandani, usiku, ikiwa na abiria kumi na wawili, mmoja wao mama mjamzito. Walikaa pale wakiumwa na mbu hadi maji yalipojaa alfajiri. Hakuna aliyeumia, alhamdulillahi. Babu aliporudi nyumbani alisema neno moja tu, "Fungu limehama." Hakuna aliyembishia. Mafungu huhama kweli, na nani angemfundisha samaki kuogelea?

Katika juma la pili la Februari, baada ya mwezi mpevu kuanza kuchelewa kuchomoza, nilipanda tena. Jauza alikuwa karibu utosini, mahali ambapo hewa haiwezi kusingiziwa. Nilitazama mabega yake mawili, la kulia na la kushoto. Nilipigwa na butwaa. Yalikuwa sawa! Nyota iliyokuwa miongoni mwa 10 bora ilikuwa imeporomoka hata nje ya 20. Niliandika 1.6 na mkono ukanitetemeka. Halafu nikamwuliza babu.

"Mkono wa Jauza haupo," alisema.

"Na zile tatu za mshipi, babu?"

"Naona kama wingu."

Niliandika: haipo, mshipi kama wingu. Mtoto wa darasa la saba hamwambii nahodha kuwa wingu halipo. Nilichoweza kufanya ni kuandika safu zote mbili kwa uaminifu, yake kama alivyosema na yangu kama nilivyoona.

Kisha Korona ikaingia nchini. Katikati ya Machi 2020 shule zikafungwa, vyuo vikafungwa, na kaka akarudi. Tarehe 27 Machi kafyu ikaanza nchi nzima, kuanzia saa 1 usiku hadi saa 11 alfajiri. Mji wa Amu, ambao watu wake huongea barazani hadi usiku mkuu, ulinyamaza ukasikia punda tu. Sisi tulikuwa na sakafu yetu. Usiku mmoja kaka alifungua daftari kwa mwanga wa simu, akasoma safu yangu hadi mwisho, ambapo nilikuwa nimeandika 1.0. Akatabasamu. "Inarudi," akasema. "Duniani kote wanaandika hivi. Nyota inapona."

Halafu akasoma safu ya babu. Tabasamu likamtoka taratibu. Januari, Bellatrix sioni. Februari, haipo. Machi, haipo. Nyota ilikuwa imeshuka na kuanza kupanda, lakini safu ya babu ilikuwa imeshuka tu.

Nilijua alichokiona, kwa kuwa mimi nilikuwa nimekiona kabla yake. Kama ni vumbi la kaskazi, mbona lilifunika safu moja na kuiacha ya pili? Nyota za kulinganishia hazibadiliki. Zikifa katika safu moja na kubaki hai katika nyingine, basi kilichofifia hakiko mbinguni.

Kaka hakusema "babu huoni". Angesema hivyo, mjadala ungekwisha papo hapo, na pengine heshima pia. Alimwambia, "Babu, nahodha ni wewe. Haya ni maandishi ya safari ya miezi mitatu. Nikusomee, wewe uamue." Akasoma safu zote mbili, tarehe kwa tarehe. Babu alisikiliza kama anayesikiliza hesabu ya shehena. Alipomaliza, babu alinyanyua uso kuutazama mshipi wa Jauza. Akaziba jicho la kulia kwa kiganja. Akaziba la kushoto. Akarudia. Tulikuwa tukiusikia upepo tu.

"Kwa hili naona tatu kwa taabu," alisema. "Kwa hili sioni kitu." Kisha, baada ya kimya kirefu, "Basi lile fungu halikuhama."

Ndugu msomaji, nimesoma riwaya na tamthilia kadhaa humu shuleni, lakini sijakutana na sentensi iliyonitoa machozi kama hiyo. Asubuhi yake alimwita ami yangu, akamkabidhi msukani mbele yetu sote. Alimwambia kuwa hata kafyu ikiondolewa, safari za usiku ni zake. Yeye atakaa omoni amwonyeshe njia kwa maneno. Daktari baadaye alisema ni mtoto wa jicho, macho yote mawili, la kushoto likiwa limekomaa kabisa. Safari zilipolegezwa alifanyiwa upasuaji. Januari 2021 alipanda tena sakafuni, akaziba jicho moja kisha la pili, akacheka peke yake. "Zile! Tatu! Haya, andika." Usiku ule safu zetu zilitofautiana kwa 0.1 tu.

Nyota nayo ilikuwaje? Mwezi wa Aprili 2020, tulipokuwa tukiungoja mwezi wa Ramadhani kutoka sakafuni, ilikuwa upande wa magharibi juu ya Zuhura, na mimi niliandika 0.6. Mwaka 2021 wataalamu waliotumia darubini kubwa iliyoko Chile walichapisha picha zilizoonyesha kuwa ni nusu ya kusini ya nyota iliyokuwa imeingia giza. Walieleza kuwa nyota ilitema gesi, sehemu ya uso wake ikapoa, na gesi ile ikaganda ikawa vumbi lililotukinga na mwangaza. Naam, vumbi! Babu alifurahi sana kusikia hivyo. Alisema alikuwa amepatia jina la mkosaji, ila alikosea anwani.

Kwa utaratibu wa wataalamu, vigeugeu hupangwa kwa makundi. Kuna nyota mbili zinazozungukana na kukingana mwanga. Kuna zinazolipuka ghafla. Na kuna zinazotanuka na kusinyaa kama kifua cha mtu anayepumua. Betelgeuse ni ya kundi hili la mwisho, katika tabaka la zile zinazofuata saa yao nusu nusu. Pumzi yake moja huchukua siku kama 400. Ni nyota kubwa ajabu. Ingewekwa mahali pa jua letu, ingeimeza Zebaki, Zuhura, Dunia na hata Mirihi. Kugeuka kwake kuliandikwa kwanza na John Herschel tangu mwaka 1836, zama alipokuwa akitazama anga kutoka Rasi ya Tumaini Jema, katika bara letu hili. Ila kufifia kwa 2020 kulizidi desturi yake, na ndiyo sababu vipimo vya kila usiku vya watu wa kawaida vilikuwa na thamani.

Msije mkafikiri kuwa mambo haya ni ya ng'ambo tu. Tarehe 12 Disemba 1970, siku ya Jamhuri, setilaiti ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, baharini kaskazini ya Malindi, pwani hii hii yetu. Aliyesimamia mradi huo ni mwanamke, Marjorie Townsend, na kwa heshima ya siku ile setilaiti ikapewa jina la Kiswahili: Uhuru. Ilikuwa ya kwanza kutengenezwa kwa kazi ya kutazama miali ya eksirei kutoka angani. Iliona kuwa mahali fulani katika kundi la Hercules miali hupigapiga kila sekunde 1.24, na hupotea na kurudi kila baada ya siku 1.7. Wataalamu walipotafuta mahali pale walikuta kigeugeu kilichojulikana tangu miaka ya 1930, ambacho hakuna aliyekuwa amejua siri yake: nyota mbili zinazozungukana, mojawapo ndogo mno na nzito kupita kiasi. Kwa hiyo kitendawili cha kigeugeu kimoja cha ajabu kilifumbuliwa na chombo chenye jina la Kiswahili, kilichopaa jirani na sisi. Jambo hili nalikumbusha kwa wale wanaosema kuwa Kiswahili na sayansi haviketi jamvi moja.

Sasa nafikia ombi langu. Wanachama wenzangu, likizo ya Disemba ndiyo hiyo, na kaskazi italeta anga safi. Iko nyota upande wa kaskazini iitwayo Algol, kutoka Kiarabu Ras al-Ghul, kichwa cha zimwi. Kila baada ya siku 2, saa 20 na dakika 49 hushuka kutoka 2.1 hadi 3.4, kisha hupanda tena, na mambo yote hayo huchukua takriban saa 10. Nyota hafifu zaidi huikinga mwenzake. Aliyepima saa yake na kupendekeza sababu hiyo mwaka 1783 ni John Goodricke wa York, Uingereza, kijana kiziwi wa miaka 18. Alipewa Nishani ya Copley, akafariki akiwa na miaka 21 tu. Umri wake alipofanya kazi ile ndio umri wetu wa Kidato cha Nne, na darubini haihitajiki.

Kinachohitajika ni daftari, nyota za kulinganishia, na mtu wa pili wa kujaza safu ya pili. Kila mtu anayo macho, lakini hakuna anayeweza kuyatazama macho yake mwenyewe. Ayapime kwa ya mwenzake, na ya mwenzake kwa yake, bila ya kuchunguliana namba. Daftari letu bado liko, kurasa nyeupe ni nyingi, na sakafu yetu yatosha watu kumi. Babu amesema anayekuja aje na mkeka wake, na asimwambie namba kabla hajaulizwa.